Vikombe vya Wageni

Dada Sikitu, umeniuliza mambo ya kujua kabla hujahamia huku Mwangazo. Maji hayakatiki, barabara ni ya lami, na jirani hana muda wa kukusengenya. Ila lijue lango la mji. Linahesabu saa unazokaa nyumbani ukiwa macho. Zisipofika arobaini kwa wiki, linakuandika mgeni, na mgeni haingii mpaka mwenyeji amruhusu.

Juzi nimetoka kazini jijini, foleni ya saa tatu nzima, miguu imevimba, lango likaniuliza, "Unakwenda kwa nani?"

"Kwa nani tena? Kwangu! Nyumba namba sabini."

Likampigia Rukia, binti anayetusaidia kazi za nyumbani. Mume wangu alishaandikwa mgeni tangu mwezi wa tatu, kwa hiyo mwenyeji ni Rukia. Akaniruhusu huku akiniomba radhi, maskini, kana kwamba kosa ni lake.

Mwanangu Tausi, wa miaka saba, alikuwa ameisikia ile simu. Akaniamkia, akanikalisha kwenye kochi, kisha akafungua kabati ambalo huwa namkataza kuligusa, akaniletea chai kwenye kikombe cha maua, kimoja kati ya vile vya wageni. Nilikuwa nimechoka, nikanywa. Nilipoinuka kwenda kukiosha, akakipokea kwa mikono miwili.

"Acha tu, mama. Mgeni haoshi vyombo."

Asubuhi yake, nilipoondoka kwenda kazini, alinisindikiza hadi nje, akanipungia mkono kama nilivyomfundisha mwenyewe.

"Karibu tena."