Sanda za Bwana Fisi

Wanyama wadogo wa bonde moja walikuwa na chama cha kuzikana. Akifa mmoja wao, Mnana, ndege fundi wa kushona, humpima kwa kamba na kumshonea sanda, na Bi Kanga, mwenyekiti, huongoza mazishi.

Kisha Fisi akafungua kampuni ya kusaga mifupa papo hapo bondeni. Akaja kwa Bi Kanga akitabasamu.

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," alisema. "Kuanzia leo sanda zote zitatoka kwangu."

Bi Kanga, aliyependa cha bure kuliko kitu chochote, alipiga vigelegele. Fisi akatengewa kiti cha mbele katika kila msiba.

Akafa Sungura, sanda ikaletwa. Akafa Pimbi, sanda ikaletwa. Zote ziliwaenea marehemu sawasawa.

"Bibi," Mnana alinong'ona, "hizi sanda hupimwa saa ngapi? Siku hizi maiti hapimwi na mtu."

"Huo ni wivu wa fundi aliyekosa kazi," alijibu Bi Kanga.

Asubuhi moja Fisi akaleta sanda mpya, nyeupe pe. Bi Kanga akajifunika kidogo aone uzuri wa kitambaa. Kilimfika kuanzia kishungi hadi kucha, hakikupungua wala kuzidi.

"Pole, Bwana Fisi," alisema kwa sauti ndogo. "Kwani amekufa nani?"

"Hajafa bado," akajibu Fisi. Akavuta kile kiti chake cha mbele, akakaa kungoja.