Karanga Zilizokwenda Vitani

Vita vya Nyani na Chui vilikwisha, Nyani wakavishana nishani, na Kindi aliyewauzia chakula akabaki akipigwa danadana. Magunia arobaini ya karanga aliwapelekea askari wao, kila gunia akilifunga kwa uzi mwekundu, alama ya ukoo wake. Kila alipodai, aliambiwa njoo kesho. Mwisho akamwendea Korongo, balozi wa Nyani, ndege wa maneno laini.

“Mheshimiwa, tusemee kwa wakubwa wako. Wenzangu wameuza mpaka viota!”

Korongo akainamisha shingo. “Poleni sana, ndugu yangu. Lakini wakubwa wanasema karanga zenu hazikufika vitani. Mimi nitawatetea kwa ushahidi gani? Hebu tafuna kidogo kwanza.”

Akafungua gunia lililokuwa nyuma ya kiti chake, akamjazia sahani.

Kindi akautazama uzi mwekundu ulioanguka sakafuni. Alifundishwa tangu utotoni kwamba chakula cha mwenyeji hakikataliwi. Siku hiyo aliisukuma sahani, akauokota uzi.

“Wakubwa wako hawakusema uongo, Mheshimiwa. Vitani hazikufika. Ziliishia hapa.”