Saa ya Ng'ambo

Mtihani wa ukunga ulipangwa kuanza saa tatu kamili. Zawena alifika saa mbili na nusu, wa kwanza kabisa, na kompyuta ikamwandikia: Umechelewa. Mtihani umefungwa.

"Hii ni mara yangu ya tatu," alisema taratibu. "Ya nne hairuhusiwi."

Bwana Chambuso, msimamizi, alikunja mikono. "Mashine haina upendeleo, binti. Inasema saa tatu na nusu."

Tunu, fundi wa kompyuta za chumba kile, aliinama kwenye skrini na kuliona kosa. Programu ilikuwa imeachwa ijitafutie saa yenyewe, nayo ilikuwa imenasa mnara wa simu wa ng'ambo ya mto, nchi jirani, ambako saa huwa mbele kwa dakika sitini.

"Upendeleo haina, ila imehama nchi," alisema. "Tazama kivuli cha mlingoti wa bendera pale nje, Bwana. Nacho kimechelewa?"

"Usiguse. Omba ruhusa makao makuu kwanza."

"Wakijibu kesho, huyu atafanya mtihani lini?"

Akaizuia programu isijitafutie tena, akateremka kwenye orodha ndefu ya miji ya dunia. Mji wao haukuwamo. Akachagua ule unaoamka na jua lao, akabonyeza. Saa ikarudi nyuma: Mtihani utaanza baada ya dakika ishirini na moja.

"Utaandika barua ya kuomba radhi," alisema Bwana Chambuso.

Tunu alimvutia Zawena kiti.

"Siandiki."