Kadi ya Baudouin

"Jina la mutoto?" muuguzi Kahindo aliuliza bila kuinua macho kwenye kadi ya chanjo.

"Baudouin," alisema Léonie.

Kalamu ikasimama. Huu ni mwaka wa 1983, hapa Bunia majina ya Kizungu yamepigwa marufuku kwenye karatasi za serikali miaka zaidi ya kumi, na msichana huyu anampa mtoto jina la mfalme wa Wabelgiji! Kahindo akamtazama. Miaka kumi na sita, miguu imejaa vumbi la soko, mgongoni kitenge kilichomfunika mtoto mpaka kichwani.

"Weye unataka banifunge?"

"Basi andika lenye unapenda, Mama Muganga. Yeye hatakasirika."

Kahindo akaandika Baudouin, kwa herufi ndogo ndogo. Huruma ilimshika. Wiki tatu alikuwa akikaa na Léonie na wenzake wanne, na hakujua kwamba hata mmoja wao ana mtoto. Kumbe wote watano. Akajaza kadi tano, akajilaumu kwa kutouliza.

Wazo la kukaa nao lilikuwa la daktari wa dispensari. "Citoyenne Kahindo," alimwambia, akimwita mwananchi kama serikali ilivyotaka, "mpango wa afya utungwe na vijana wenye shida wenyewe. Tusiwatungie siye." Kahindo aliitikia kwa adabu na kucheka moyoni. Mara mbili alikuwa amepita mtaa wa Rwambuzi na kipaza sauti, nyumba kwa nyumba, akitangaza chanjo ya surua. Mara mbili wamama walijifungia ndani, na sanduku la barafu likarudi limejaa kama lilivyotoka. Surua ilikuwa imeshafika Nizi, si mbali, na huko watu walikuwa wanazika watoto. Sanduku likirudi mara ya tatu, chanjo itapelekwa Irumu, na Rwambuzi itabaki mikono mitupu. Halafu yeye, muuguzi mwenye diploma, aende kuomba akili kwa wabeba mizigo?

Alienda, maana daktari ni daktari. Aliwapata wasichana watano wanaobeba mihogo na maboga ya watu sokoni, wawili yatima, watatu waliofukuzwa nyumbani. Akawapa ndizi, akawasomea somo zima la surua kutoka kwenye daftari. Ndizi ziliisha kabla ya somo.

"Mama," Léonie alisema akijipangusa mdomo, "weye unakimbia nyuma ya batu na sindano, ndiyo maana banaogopa. Sukari ilishakuya kupiga hodi kwako hata siku moja?"

Mwaka ule sukari hata kuiota ilikuwa shida.

"Basi acha kutangaza. Siku ya chanjo, kuya saa tatu. Usikuye mbele ya saa tatu. Na usituulize kitu."

Ndio mpango wenyewe huo! Kahindo aliuandika kwenye daftari kwa hasira, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala vizuri.

Sasa ilikuwa saa tatu na robo, kadi tano za kwanza zimeshajazwa, na hakuyaamini macho yake. Kutoka mlango wa dispensari mpaka barabarani kulikuwa na mstari. Bunia ya siku zile, mtu akiona mstari alijipanga kwanza, akauliza baadaye.

"Banatoa nini hapa?" mama mmoja aliuliza.

"Sijue. Lakini bale ba mbele, bote biko na bana. Bila mutoto haupate kitu."

Na kweli, watu walikuwa wanakimbia nyumbani na kurudi na watoto, wengine wakiwa na povu la sabuni bado masikioni. Mzee mmoja alikuja na mtoto wa jirani na kuapa kwamba ni mjukuu wake.

Kahindo hakutaka kumdanganya mtu. Alipanda juu ya kiti akasema wazi: hii ni chanjo ya surua. Hakuna sukari, hakuna sabuni, na anayetaka kwenda aende. Mstari ukanung'unika mpaka nyuma. Wakatazamana. Hakuna aliyetoka. Nani amwachie jirani nafasi aliyoipigania toka asubuhi?

Alitaka kuanza na wale wasichana, maana walifika wa kwanza. Léonie akapiga hatua pembeni.

"Acha bakubwa bapite, Mama. Siye tutangoja. Bana biko nalala."

Machozi yalimlenga Kahindo. Heshima hiyo walifundishwa na nani? Akaanza kazi. Dispensari nzima ikajaa vilio, watoto wakirusha mateke na kupiga kelele za kumwita mama. Watoto wa wale wasichana watano tu ndio hawakulia hata mara moja. "Angalieni hawa," Kahindo aliwaambia wamama. "Bana babo batulivu kabisa. Mujifunze kwao!"

Mpaka saa nane alikuwa amechanja watoto mia moja na kumi na wanane. Alitaka kuimba. Ndani ya sanduku zilibaki dozi tano, na mlangoni walibaki wasichana watano, na Kahindo akaona kwamba hiyo ni haki tupu.

"Sasa zamu yenu."

"Hakuna haja, Mama," Léonie alisema, akirudi nyuma.

"Nini? Weye mwenye ulipanga yote, sasa weye ndiye unaogopa sindano?"

Akamvuta kwa upendo, akampokea mtoto na kitenge chake, akamning'iniza kwenye mzani. Kilo saba! Akaandika kwenye kadi, akamsifu mama. Kisha akamlaza mezani, akalowesha pamba kwa spiriti na kufunua kitenge polepole, asije akamwamsha. Akatafuta mkono.

Baudouin alikuwa boga.