Maji ya Magotini

Bi Waridi hakuwa amesema neno tangu mvua za mwaka jana. Alikula akilishwa, alilala akilazwa. Daktari alisema mwili hauna kasoro. Wampeleke mahali anapopapenda, akae na wajukuu.

Mahali alipachagua mwanawe, Twahiru. Mkewe Houda alipinga. Alisema plaji, fukwe za kuogelea, zimejaa mjini, kwa nini watoke kwao Mutakura mpaka huko kwenye majabali?

"We unataka kumumaliza mama," alisema.

Twahiru alikuwa ameshakodi teksi.

Walishuka kwa ngazi zilizochongwa kwenye jabali, Twahiru akimbeba mama yake mgongoni. Chini, kando ya ziwa, kulikuwa na miavuli, viti vya plastiki, muziki, na samaki wa mukeke motoni. Mlinzi wa hapo, Landry, aliwapokea na filimbi shingoni. Aliwaambia hii ni plaji ya familia, si kama kwingine ambako jabali linazama wima na mtu anamezwa hatua ya kwanza. Hapa maji ni ya magotini mpaka kwenye bendera ile, na chini ni sawasawa kama sementi.

"Ila muchunge watoto pembeni. Kuna mawe yamejipanga kule, yanakata vidole."

Houda aligeuza uso.

Wakamketisha Bi Waridi kivulini. Wakampa soda, hakuigusa. Wajukuu wakamwita aje kucheza, hakugeuka. Jua lilipoanza kupoa, Twahiru akakunja mkeka. Hakuwa na hasira wala huzuni. Alitaka tu kurudi.

Ndipo Bi Waridi aliposimama mwenyewe. Akatembea hadi ukingoni mwa maji, akavua kandambili, akazipanga sambamba mchangani. Akatanguliza mguu wa kulia.

Landry akapiga filimbi. Mteja mmoja akacheka na chupa yake mkononi.

"Muzee anaenda Kongo, ng'ambo ya ziwa, kwa miguu."

Twahiru akamkimbilia, akaingia majini na viatu. Mama yake alikwenda hatua chache, akakata kushoto, akaketi, maji yakamfika kifuani. Akamtazama mwanawe.

"We Twahiru," alisema. "Tangu lini unaingia ndani na viatu? Rudi, uvue pale mulangoni."

Twahiru akarudi, akavivua, akaviweka kando ya kandambili.

Mvua za mwaka jana ziwa lilikuwa limechukua sebule yake, vyumba viwili, jiko na mlango. Lilibakiza sakafu.