Nyuma ya Maporomoko

Alikuwa akitafuna mizizi mibichi na udongo wake, macho kwenye njia, panga limelala mapajani. Wiki ya tatu sasa tangu Kisiki, mpasua mbao hodari kuliko wote kiwandani, ageuke mnyama wa kuwindwa.

Kosa lenyewe lilikuwa la kufumba na kufumbua. Nyapara alimtukania mama yake mbele ya watu, na mama mwenyewe hata mwaka hajamaliza kaburini. Kisiki akanyakua mtaimbo wa kugeuzia magogo. Pigo moja kichwani. Nyapara alianguka juu ya maranda, maranda yakawa mekundu, na Kisiki hakungoja kuona zaidi. Alikimbia mpaka msitu ukamfunika.

Maficho yake, pango nyuma ya maporomoko ya mto, aliyajua mtu mmoja tu: mdogo wake wa tumbo moja, fundi viatu. Kila siku ya tatu alipanda mlima na chakula kidogo na habari.

"Wamemzika jana, kaka," alisema wiki ile ya kwanza. "Wameleta mpaka mbwa. Ukishuka tu, kitanzi."

"Na mke wangu?"

"Shemeji nimemhamishia kwangu. Pale kwako polisi hawamwachi hata apumue."

Kisiki aliushika mkono wa mdogo wake, akalia kwa kwikwi. Ndugu ni ndugu bwana, hata dunia ikuteme.

Safari ya mwisho alimletea panga, limenolewa likanoleka.

"Akija mtu usimuulize jina, kaka. Wameamriwa wakikuona tu wakupige risasi."

Asubuhi hii, mtu akaja.

Alivaa koti la mvua, kofia imemfunika uso, mkononi kitu kirefu cheusi. Bunduki, moyo wa Kisiki ulimwambia. Yule mtu alisimama kando ya mto, akakinga viganja mdomoni, akapiga ukelele. Maporomoko yakayameza maneno yake yote.

Anaita wenzake!

Kisiki alimrukia kutoka juu ya mwamba. Wakabingirika matopeni. Yule mtu alimkaba koo kwa mikono miwili, akitaka kusema neno, lakini panga lilikwishapanda. Likashuka begani. Likapanda tena, likazama ubavuni. Mtu akajaribu kutambaa kuelekea majini. Kisiki akamvuta mguu, akamrudisha, akakata, akakata, mpaka mkono ukaishiwa nguvu na matope yakawa na joto la damu.

Ndipo akakiona kile kitu cheusi kimelala majanini. Fimbo ya kutembelea.

Alimgeuza mtu wake chali. Kofia ikaanguka. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, na mshono mbichi ulikipasua kutoka kwenye paji hadi utosini.

"Nyapara?"

Panga lilimtoka mkononi. Nyapara akakohoa, povu jekundu likamchuruzika kidevuni.

"Wiki nzima nakuita humu msituni," alisema kwa taabu. "Nikuombe radhi, urudi kazini. Polisi niliwaambia gogo ndilo lililonipiga... Mdogo wako hakukwambia?"