Korongo na Mshale

Kinyozi alikuwa amemaliza upande mmoja tu wa kichwa cha mteja, mtangazaji wa redio alipoitaja Bendi ya Korongo. Redio ikakohoa kidogo. Kabla gitaa halijakolea, kinyozi alishavuka chumba na kuizima, mashine ikinguruma mkononi.

"Ah, bwana, huo wimbo naupenda!" mteja alilalamika.

"Kaupendee ng'ambo ya barabara. Hapa ni kwa watu wa Mshale."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na karakana ya makochi, na fundi wake alikuwa kaka yake, tumbo moja. Walikuwa hawasemeshani. Si kwa sababu ya shamba wala mwanamke. Kwa sababu ya bendi! Kaka alikuwa shabiki wa Bendi ya Korongo, mdogo wa Bendi ya Mshale, na kila Jumapili wapenzi wa muziki mtaani waligawanyika. Hawa walibeba santuri zao wakakaa juu ya makochi yasiyo na vitambaa, wale wakajibana kwenye benchi la kinyozi. Kila upande ulifungulia sauti mpaka mwisho ili usiusikie upande wa pili.

Zamani walikuwa kundi moja, sebuleni kwa mama yao, gramafoni moja. Mtu aliweka wimbo wake, wengine wakanyamaza wakasikiliza. Mpaka siku kaka aliposema gitaa la Mshale linalia kama mlango usiotiwa mafuta. Mdogo akajibu kwamba Korongo ni bendi ya kulazia watoto. Wakatupiana maneno, santuri ikakanyagwa, ikawa basi. Mama yao alikufa mmoja akiwa upande huu wa kitanda na mwingine upande ule, kila mmoja akiongea na mama tu.

Na wa kuwaamua alikuwa nani? Bendi zenyewe hazikuwahi kupanda jukwaa moja zikashindanishwa. Zote mbili zilinyamaza mwaka uleule, na kwenye majalada ya santuri hapakuwa na sura ya mtu, ila ndege kwa hawa na mshale kwa wale. Kinyozi alichokuwa nacho ni kikohozi kidogo cha mpiga gitaa wake kwenye santuri, kabla tu ya wimbo kuanza. Alikipenda kikohozi kile kuliko hata wimbo wenyewe.

Asubuhi moja, kupitia kioo chake, alimwona mzee mwenye kofia akishusha kiti kilichochanika mlangoni pa karakana. Waliongea. Ghafla kaka akaangusha nyundo, akacheka, akacheka mpaka akakaa chini ameshika mbavu. Kisha akainua macho na kutazama moja kwa moja kwenye duka la kinyozi, huku anafuta machozi.

"Ananisengenya," kinyozi alisema, akasonya. "Sasa amefikia kunicheka na wateja."

Haukupita muda, kaka akalala mgonjwa. Moyo, walisema. Shemeji akavuka barabara na kuingia dukani, yeye ambaye hakuwahi kukanyaga pale.

"Shemeji, kaka yako anakuita. Anasema uje na santuri yako ya Mshale, ile unayoipenda kuliko zote. Yeye atatoa ya Korongo. Anataka msikilize pamoja."

"Anataka nini hasa?"

"Hasemi. Nikimuuliza anacheka tu, anasema mpaka uje. Daktari amemkataza kucheka, lakini wapi!"

"Bado anacheka?"

"Peke yake kitandani."

Kinyozi alikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. "Mwambie nitakuja siku atakayokiri kwamba Mshale ni zaidi."

"Shemeji, yule ni mgonjwa."

"Basi akiri upesi."

Shemeji alimtazama, akatoka bila kuaga. Kinyozi aliishusha santuri yake rafini, akaipangusa vumbi kwa kiganja. Alitamani kwenda. Mungu wangu, alitamani! Lakini kicheko kile kilikuwa kimemkwama kooni. Acha aniite tena, alijiambia. Akiniita mara ya pili, nakwenda.

Kaka hakuifikia Jumapili.

Baada ya mazishi kinyozi ndiye aliyeifungua karakana, ili wateja wachukue vitu vyao. Alikaa kati ya makochi, haoni pa kuweka mikono. Gramafoni ya kaka ilikuwa kwenye meza ya kukatia vitambaa, imepanguswa vizuri, na kando yake santuri moja ya Korongo. Sehemu ya santuri ya pili ilikuwa tupu.

Mzee mwenye kofia akaingia. Kiti chake kilikuwa kimevishwa kitambaa kipya sehemu ya kukalia tu.

"Pole sana, mwanangu. Mimi nitakichukua hivyo hivyo, sitaki fundi mwingine akiguse. Nilipomwambia ujanani nilikuwa mpiga gitaa, aliangusha nyundo!"

"Gitaa? Bendi gani?"

Mzee alikohoa kidogo kabla ya kujibu.

Kinyozi aliinuka. Hakuhitaji kuambiwa. "Mshale!" alisema, na baada ya siku zile zote za msiba ndipo machozi yakamtoka. "Wewe ni wa Mshale! Ukakosa pengine pote, ukamletea kiti mtu wa Korongo?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyesikia swali la mtoto.

"Mwanangu, Korongo ndiyo Mshale. Watu wale wale, gitaa lile lile. Kampuni iliyoturekodi ilitukataza kurekodi kwingine, tukaenda kwingine kwa jina la pili." Akavua kofia. "Kaka yako hakukwambia? Aliniapisha nisimwambie mtu hapa mtaani. Alisema, 'Niachie mimi. Nitamwita mdogo wangu aje na santuri yake, tucheke wote.'"